Kauri, Fedha Iliyotoka Baharini

Msomaji, ukipata siku moja kuzuru magofu ya Gedi, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, tembea taratibu kati ya kuta zake za mawe ya matumbawe, uiulizie nyumba moja iitwayo Nyumba ya Kauri. Jina hilo haikupewa na wenyeji wa kale. Ilipewa na James Kirkman, bingwa wa mambo ya kale, aliyeanza kuufukua mji huo mwaka 1948. Yeye alikuwa na desturi ya kuziita nyumba kwa majina ya vitu vilivyoonekana ndani yake. Basi iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Fedha za Kichina, na iko hiyo ya kauri.

Labda utastaajabu. Mkasi ni chombo cha kazi, na fedha kila mtu ajua maana yake. Lakini kauri ni gamba tu la mnyama mdogo wa baharini, ambalo mtoto yeyote wa pwani aweza kuliokota maji yakipwa. Kwa nini basi litajwe pamoja na fedha za Kichina? Sababu ni kwamba kwa muda wa mamia ya miaka, katika nchi nyingi za Asia na Afrika, kauri yenyewe ilikuwa fedha. Ilinunua mchele na chumvi, kuku na ng'ombe. Na, jambo la kuhuzunisha, ilinunua hata watu. Kisha ukaja wakati ambapo kauri zilizookotwa katika fuo zetu wenyewe ndizo zilizoiangusha fedha hiyo, zikawafukarisha watu wengi ambao hawakupata kuiona Bahari ya Hindi maishani mwao. Habari hiyo ndiyo nitakayokusimulia.

Lugha yetu imeikumbuka kauri kwa majina matatu. La kwanza ni hilo kauri, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. La pili ni simbi. La tatu ni kete, yaani kauri ndogo. Na jina hili leo twalitumia kwa kitu chochote kichezewacho bao, hata kikiwa ni mbegu ya komwe. Tena twaviita kauri vile vyombo vyeupe ving'aavyo, sahani na mabakuli, vilivyoletwa zamani kutoka China. Katika kufananisha hivyo hatukuwa peke yetu. Waitalia wa kale waliliita gamba hili porcellana, kisha wakavipa vyombo vya Kichina jina lilo hilo. Watu wa pande mbili za dunia walitazama mng'aro mmoja, wakafikiri jambo moja.

Je, kauri ni nini hasa? Ni nyumba ya konokono wa baharini. Jamaa yake ni kubwa, yenye aina zaidi ya 200, tangu zile zenye madoadoa zinazojaa kiganja cha mkono hadi zile ndogo kama punje ya mahindi. Lakini kauri zilizokuwa fedha ni za aina mbili tu. Ya kwanza ni nyeupe au ya manjano, urefu wake sentimita 2 au 3, nayo ina vinundu ubavuni. Bingwa wa Sweden aitwaye Linnaeus, aliyevipa viumbe majina ya Kilatini, aliiita kauri hiyo moneta mwaka 1758, na maana ya neno hilo ni fedha. Ya pili yafanana na ya kwanza, ila mgongoni ina duara ya rangi ya dhahabu. Kwa hiyo iliitwa annulus, maana yake pete. Aina zote mbili huishi katika bahari zenye joto, kuanzia pwani yetu ya Afrika ya Mashariki mpaka visiwa vya Bahari ya Pasifiki.

Makao yao ni kwenye miamba ya matumbawe, katika maji haba ambayo hupwa na kujaa. Mchana wengi hujificha chini ya mawe na ndani ya nyufa. Giza liingiapo hutoka kutafuta mwani, ambao ndio chakula chao. Jike akitaga mayai huyaatamia, akiyafunika kwa mguu wake, asiyaache mpaka yaanguliwe. Konokono huyu akiwa mchanga, gamba lake ni jembamba na mdomo wake ni mpana, hata mtu asiyejua hawezi kumtambua kuwa ni kauri. Lakini afikapo utu uzima, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, meno madogo hutokea pande zote mbili za ufa, na tangu hapo gamba haliongezeki tena urefu, bali huzidi unene na nguvu tu.

Labda umepata kujiuliza kwa nini kauri hung'aa kana kwamba imepigwa msasa na fundi. Sababu ni hii: konokono atembeapo hutoa nyama laini mfano wa joho, huipandisha pande zote mbili mpaka zikutane mgongoni. Joho hilo hulikinga gamba lisikwaruzwe wala lisiote uchafu, tena hulipaka tabaka baada ya tabaka za ugumu unaong'aa. Kwa hiyo kauri hutoka baharini ikiwa tayari, haihitaji mkono wa sonara.

Sasa zifikirie sifa hizo kwa jicho la mfanyabiashara. Kauri haiozi kama nafaka, haishiki kutu kama chuma, wala haifi kama ng'ombe. Zilizokomaa hazitofautiani sana kwa ukubwa, hivyo mtu aweza kuzihesabu, na akichoka kuhesabu aweza kuzipima kwa mizani au kwa kibaba. Thamani ya moja ni ndogo mno, basi hata maskini aweza kununulia kitu kidogo. Na zaidi ya yote, hapana mjanja awezaye kuighushi. Fedha ya madini yaweza kuchanganywa na shaba, na noti yaweza kuigwa. Lakini gamba lenye meno na mng'aro wa namna ile hutengenezwa na konokono peke yake. Ilibaki sharti moja tu: zisipatikane kwa urahisi mahali zinapotumiwa. Likumbuke sana sharti hilo, kwa maana ndilo lililokuja kuvunjwa.

Wachina walizithamini kauri zamani sana. Mwaka 1976, karibu na mji wa Anyang, lilifukuliwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme, aliyezikwa yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo. Pamoja na silaha na vyombo vya shaba nyeusi, zilionekana humo kauri zaidi ya 6,000, ingawa mahali pale ni mbali na bahari zenye joto. Hata leo, katika maandishi ya Kichina, alama ambayo asili yake ni picha ya kauri imo ndani ya maneno mengi yahusuyo mali na biashara.

Lakini kisima kikuu cha kauri kilikuwa visiwa vya Maldivi, kusini-magharibi ya Bara Hindi. Habari zake twazipata kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alifika Maldivi mwishoni mwa mwaka 1343, akafanywa kadhi huko, na kwa kuwa alikaa miezi mingi aliyaona mambo kwa macho yake. Asimulia kwamba watu walizikusanya kauri baharini, wakazifukia katika mashimo mpaka nyama ikaoza na kubaki gamba jeupe. Walizihesabu kwa utaratibu maalumu, kila jumla ikiwa na jina lake, hata kufikia 100,000. Waliziuza kwa watu wa Bengali, wakapata mchele. Na watu wa Yemen walizichukua majahazini zikawa farumi badala ya mchanga.

Ibn Battuta ametuachia pia hesabu mbili ambazo kila mwanafunzi wa historia hana budi kuzitazama pamoja. Huko Maldivi, dinari moja ya dhahabu ilinunua kauri 400,000, na wakati mwingine hata 1,000,000. Miaka michache baadaye, katika safari yake ya mwaka 1352 na 1353, alivuka jangwa la Sahara akaingia ufalme wa Mali. Akakuta huko nako watu wanauziana kwa kauri. Lakini safari hii dinari moja ilinunua kauri 1,150 tu. Gawanya mwenyewe, msomaji: kauri ya Maldivi ikifika Mali ilikuwa imeongezeka thamani zaidi ya mara 340. Gamba ni lile lile, mng'aro ni ule ule. Kilichoongezeka ni njia: bahari, bandari, mikono ya wachuuzi, na migongo ya ngamia jangwani. Watu wa Mali hawakuwa wajinga wa kuthamini takataka za pwani. Walitumia kitu ambacho kwao kilikuwa adimu kwa sababu ya ugumu wa kukileta, kama vile dhahabu ilivyo adimu kwa sababu ya ugumu wa kuichimba.

Wareno walipopata njia ya bahari ya kuizunguka Afrika, na baada yao Waholanzi na Waingereza, waliitambua tofauti hiyo ya bei. Walizinunua kauri katika bandari za Bara Hindi na Ceylon, ambayo sasa yaitwa Sri Lanka, wakazilaza chini ya shehena ya viungo na vitambaa ziwe farumi, wakazipeleka Ulaya. Huko Amsterdam na London zilipigwa mnada. Walizozinunua hawakuzitaka kwa matumizi ya Ulaya; walizipakia tena katika merikebu zilizokwenda pwani ya Afrika ya Magharibi. Kati ya mwaka 1700 na 1790, Waholanzi na Waingereza walipeleka huko yapata tani 11,000 za kauri, na hesabu yake yakaribia bilioni 10.

Walinunua nini kwa kauri hizo? Hapa kalamu haina budi kusema kweli. Walinunua watu. Katika bandari ya Ouidah, iliyokuwa katika ufalme wa Dahomey, nchi iitwayo leo Benin, mateka walibadilishwa kwa nguo, bunduki, baruti, pombe, na kwa kauri. Bei ya mtu mzima ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya kauri, na kadiri miaka ilivyopita ikapanda hata kuzidi laki. Konokono asiyekuwa na hatia alitolewa mwambani katika kisiwa cha Bahari ya Hindi, akazungushwa nusu ya dunia, na gamba lake likawekwa katika mizani, na upande wa pili akawekwa binadamu, baba wa watoto au binti wa mtu. Yule mtu akavushwa Atlantiki asirudi tena. Kauri zikabaki sokoni, zikinunua viazi na chumvi kana kwamba hapana lililotukia.

Huko Afrika ya Magharibi fedha hii ilikuwa na ustadi wake. Wahesabu waliketi chini wakazivuta tano tano kwa vidole, kwa kasi ya kustaajabisha. Kauri 40 zilifanya mtungo mmoja. Mitungo 50, yaani kauri 2,000, iliitwa kichwa. Na vichwa 10 vilifanya gunia moja la kauri 20,000. Fanya hesabu, nawe utaona kwamba kulimaliza gunia moja mkono ulipaswa kurudi chini mara 4,000. Kauri za Maldivi kama 400 zina uzito wa ratili moja, basi gunia lilikuwa la ratili 50, mzigo kamili wa kichwani. Heinrich Barth, msafiri wa Kijerumani, alipofika Kano mwaka 1851, alikuta reale moja ya fedha yabadilishwa kwa kauri 2,500. Reale mtu aifumba kiganjani. Kauri hizo ni uzito wa karibu kilo 3. Kwa ununuzi mdogo wa kila siku hapakuwa na fedha bora kuliko kauri. Kwa mali nyingi ilihitaji wapagazi.

Hata hivyo watu waliipenda na kuiamini. Mwanamke aliyeuza mawese au vitambaa aliweka kauri zake kidogo kidogo katika chungu, akakifukia chini ya sakafu ya nyumba yake. Sisi Waswahili tuna methali isemayo, akiba haiozi. Naye angeweza kusema vivyo hivyo, kwa maana moto ukiteketeza paa au mchwa wakila mlango, kauri zitafukuliwa zikiwa nzima, nyeupe kama siku ya kwanza.

Sasa turudi pwani yetu. Katika miaka ya 1840, zama za Seyyid Said, wafanyabiashara wa mji wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakifanya biashara Unguja. Waliona kwamba ile kauri yenye pete ya dhahabu mgongoni, ambayo yapatikana kwa wingi katika fuo za Afrika ya Mashariki, bei yake ni ndogo mno kuliko ile ya Maldivi. Ni kubwa kidogo na nzito zaidi, lakini yafanana nayo. Wakajaribu kupakia shehena, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaiuza Afrika ya Magharibi. Ikapokelewa. Faida yake ilikuwa kubwa sana, na mara wengine wakafuata, Wajerumani na Wafaransa. Kampuni ya William O'Swald ya Hamburg ilikuwa mojawapo ya zile zilizotia bidii kubwa: ilikuwa na duka Unguja upande huu, na duka Lagos upande ule.

Hebu fikiri jinsi kazi hiyo ilivyofanyika katika vijiji vya pwani. Maji ya bamvua yakipwa, watu walitoka kwenda miambani, wakainama wakipindua mawe na kuziokota kauri moja moja. Zikafukiwa mchangani mpaka zioze nyama, zikaoshwa, zikauzwa kwa mchuuzi. Mchuuzi akaziuza kwa tajiri, na tajiri akazipeleka Unguja. Hapana hata mmoja wa waokotaji hao aliyekusudia uovu. Kila mmoja alitafuta riziki yake ya siku hiyo, na ufuo ulikuwa mbele ya mlango wake.

Lakini jumla ya mikono hiyo ilikuwa ya kutisha. Kati ya mwaka 1851 na 1869 zilipelekwa Afrika ya Magharibi zaidi ya tani 30,000 za kauri. Linganisha na zile tani 11,000 nilizokutajia, ambazo Waholanzi na Waingereza walizipeleka kwa muda wa miaka 90. Safari hii, katika miaka isiyozidi 19, ziliingia karibu mara tatu ya hizo. Sharti lile nililokuambia ulikumbuke, la kwamba fedha isipatikane kwa urahisi mno, lilikuwa limevunjwa.

Nini hutokea hapo? Chukua mfano mdogo. Tuseme soko lina magunia 100 ya mahindi, na wanunuzi wote kwa jumla wana kauri 100,000. Kila gunia litauzwa kwa kauri 1,000. Mwaka wa pili magunia ni yale yale 100, lakini kauri zimekuwa 300,000. Hapana mtu aliyetajirika. Mahindi hayakuongezeka hata punje moja. Kilichobadilika ni kwamba gunia sasa lauzwa kwa kauri 3,000. Na yule mwanamke aliyefukia kauri 1,000 chini ya sakafu, akitumaini kwamba amefukia gunia zima la mahindi, akizifukua atapata theluthi moja tu ya gunia. Hakuibiwa na mwizi. Chungu ni kizima, hesabu ni kamili, hata moja haikupotea. Lakini akiba yake imeoza.

Ndivyo ilivyotukia katika nchi za Afrika ya Magharibi. Mwaka hata mwaka kauri zilishuka thamani. Mzigo ule ule wa mtu ukawa haununui ila kitu kidogo, mpaka ikawa gharama ya kuzichukua sokoni yashindana na thamani yake. Wafanyabiashara wa Ulaya walipoona faida imekwisha waliacha kuzileta, wakageukia biashara nyingine. Walioanza mapema walikuwa wamekwisha kubadili kauri zao kwa mafuta ya mawese, na mafuta kwa dhahabu. Waliobaki na magunia ni wale wa mwisho kupata habari.

Upande wetu wa Afrika nako kauri zilisafiri. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilizichukua kutoka pwani hadi nchi za maziwa makuu. Huko bara baadhi ya watu, kama Wamasai, walizipenda kwa mapambo, wakazishona katika ngozi na mikanda. Lakini katika Buganda zilikuwa fedha kamili. Zilitobolewa, zikatungwa katika kamba, na kila mtu alijua bei. Mmisionari John Roscoe, aliyeandika juu ya desturi za Waganda, aeleza kwamba kuku alikuwa kauri 25, mbuzi mkubwa kauri 500, na ng'ombe kauri 2,500. Huko nako misafara ilivyozidi kuleta, ndivyo thamani ilivyozidi kushuka.

Kisha ukaja utawala wa Waingereza, na pamoja nao rupia. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliwatoza watu kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba. Na mwaka 1901 serikali ikaacha kupokea kauri kwa kodi. Labda neno hilo laonekana dogo, lakini lilitosha. Fedha isiyolipa kodi mtu ataipokea kwa nini? Katika Afrika ya Magharibi nako, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali za kikoloni zilizuia kauri zisiletwe tena, zikatia nguvu sarafu zao. Kwa neno moja la serikali, vyungu vilivyofukiwa na mababu vikawa vyungu vya magamba.

Msomaji, usiicheke habari hii ukisema kwamba watu wa zamani waliamini makombe. Itoe noti iliyomo mfukoni mwako uitazame. Huwezi kuila, huwezi kuivaa, wala huwezi kuezekea nyumba kwa noti. Yapokewa dukani kwa sababu mbili tu: kila mtu aamini kwamba mwenzake ataipokea, na wenye mamlaka huizuia isiwe nyingi kupita kiasi. Sababu hizo mbili ndizo zilizoisimamisha kauri kwa mamia ya miaka, nazo zilipoondoka ikaanguka. Nchi zilizochapisha noti bila kiasi zimeyaona hayo hayo katika karne ya 20. Na kila mara, kama ilivyokuwa kwa kauri, hasara haikumwangukia aliyeianzisha, bali yule mtu mwaminifu aliyejinyima na kuweka akiba kidogo kidogo, asijue linalotendeka bandarini.

Tena yatupasa sisi watu wa pwani kujifunza jambo lingine. Yule aliyeinama kuokota kauri katika fuo zetu hakumjua mwanamke wa Lagos, wala mwanamke wa Lagos hakumjua yeye. Lakini kazi ya mikono ya mmoja ilitoboa chungu cha mwingine, katika upande wa pili wa bara lao moja. Waliowajua wote wawili ni wenye merikebu tu. Tangu zamani hizo dunia ilikuwa imefungwa kwa kamba ya biashara, na anayevuta upande mmoja huitikisa pande zote. Mtu asiyejua mali yake yaenda wapi na yafanya nini huko iendako, huweza kumdhuru ndugu yake kwa mikono misafi.

Alama za fedha hiyo bado zimo kati yetu. Katika Kiganda, fedha mpaka leo huitwa ensimbi, na wewe wajua sasa kwamba ni simbi yetu. Ghana, nchi iliyopata uhuru mwaka 1957, ilipotoa fedha mpya mwaka 1965 iliiita cedi, neno litokanalo na jina la kauri katika lugha ya Kiakan. Na wazee wachezapo bao barazani jioni, huhesabu kete zao.

Konokono wenyewe nao wangali miambani, ingawa mahali pengi watalii na wachuuzi wa mapambo wamewapunguza. Watamu, hatua chache kutoka Gedi, bahari imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na mtu haruhusiwi kuokota kombe humo, hata likiwa tupu. Kwa maana kombe tupu nalo lina kazi, kaa mdogo hulifanya nyumba yake.

Ukienda huko maji yakipwa, chutama kando ya jiwe, utazame bila kugusa. Labda utamwona mmoja, joho lake limepanda mgongoni, akitembea polepole kwenye mwani. Hajui kwamba alinunuliwa kwa mchele, wala kwamba alipimwa na kiumbe mwenye roho. Thamani yote hiyo tulimtwika sisi wanadamu, na sisi ndio tulioitua. Kisha panda Gedi, uingie ile Nyumba ya Kauri, usimame kidogo kati ya kuta zake zisizo na paa, ukumbuke wote walioweka akiba wakiamini kwamba haiozi.